Tiketi, Kibali na Mchango: Safari za Nairobi Kwenda Kutibiwa Ng'ambo

Safari ya kwenda kutibiwa Delhi au London huanza kwa miguu, upande wa magharibi wa Nairobi. Ndugu wa mgonjwa hutoka kliniki ya daktari bingwa kwenye Ralph Bunche Road akiwa na bahasha kubwa ya picha za MRI, akaingia Nairobi Hospital iliyo jirani kuchukua nakala za matokeo ya maabara, kisha akakata Hurlingham kuelekea Woodlands Road, ziliko ofisi za KMPDC, baraza linalosimamia madaktari, kuulizia fomu ya rufaa ya nje ya nchi. Miaka si mingi iliyopita ilimbidi pia ateremke mjini: ubalozi wa India kwenye Harambee Avenue kuomba viza, na City Hall kuchanjwa homa ya manjano, maana asiye na ile kadi ya manjano hukwama uwanja wa ndege hata pasipoti yake ikiwa haina kasoro. Jioni angemalizia kikaoni, pengine Ufungamano House au ukumbi wa kanisa, kuhesabu ahadi za michango.

Mizunguko hii ina zaidi ya karne moja. Imebadilika sura mara kadhaa, na kila ilipobadilika, ugonjwa haukuwa sababu pekee. Mji aliopelekwa mgonjwa ulitegemea sana nani alishika kibali, na nani alitoa pesa.

Nairobi ilianza kama kambi ya reli mwaka 1899. Miaka miwili baadaye, 1901, serikali ya kikoloni ikafungua hospitali ya wenyeji yenye vitanda 40, ile ambayo leo ni Kenyatta National. Mzungu mwenye mali hakuzitegemea sana huduma za mji huo mchanga. Ugonjwa ukishakuwa mzito, alirudi kwao.

Karen Blixen, mwandishi wa Denmark, ndiye mfano unaojulikana zaidi. Alifika Januari 1914 kulima kahawa chini ya vilima vya Ngong, na hata miaka miwili haijaisha akagunduliwa kuwa na kaswende. Tiba aliyoipata Nairobi ilikuwa vidonge vya zebaki, dawa iliyoweza kumdhuru mgonjwa karibu sawa na maradhi yenyewe. Ulaya kulikuwa na kitu kipya zaidi: Salvarsan, dawa ya aseniki iliyotoka kwenye maabara ya Mjerumani Paul Ehrlich na kuanza kuuzwa 1910. Mwaka 1915 Blixen akapanda gari la moshi hadi Mombasa, akaingia melini, akapenya Ulaya iliyokuwa vitani na kulazwa Copenhagen. Hakurudi shambani hadi mwishoni mwa 1916. Jumba alilohamia baadaye leo ni makumbusho katika mtaa wa Karen.

Mambo mengi ya safari hiyo Mnairobi wa leo angeyatambua mara moja: dawa isiyopatikana hapa, jamaa wa kumpokea mgonjwa upande wa pili, na miezi mingi ya kuiacha kazi. Tofauti ni kwamba mama yule hakuhitaji kumwomba mtu ruhusa ya kwenda. Mfanyakazi wa shamba lake aliyeugua ugonjwa uleule hakuwa na pa kukimbilia zaidi ya hospitali ya wenyeji au mganga wa kwao.

Kibali cha kwanza, basi, kilikuwa rangi ya ngozi, na Nairobi ilikijengea kuta. Hospitali ya watoto ya Gertrude's Garden ilifunguliwa Muthaiga 1947, kwenye kiwanja kilichotolewa na mlowezi Ewart Grogan kwa kumkumbuka mkewe. Hospitali ya wenyeji ikapewa jina la King George VI mwaka 1952. Miaka miwili baadaye wazungu wakafunguliwa European Hospital yao, ndiyo Nairobi Hospital ya sasa, ambayo iliwapokea watu wa rangi nyingine pale tu uhuru ulipokuwa umekaribia. Wahindi walijijengea wenyewe: Social Service League ilianzisha zahanati iliyokua hadi ikawa Hospitali ya M.P. Shah ya Parklands, na 1958 hospitali ya Aga Khan ikafunguliwa Third Parklands Avenue, ikipokea watu wa rangi zote.

Kabla ya hapo, mwenye duka wa Bazaar Street, ambayo leo ni Biashara Street, akiambiwa anahitaji upasuaji mkubwa alikuwa na njia yake. Meli za kampuni ya British India, Karanja na Kampala, zilifanya safari kati ya Bombay na Mombasa tangu baada ya Vita Vikuu vya Pili hadi miaka ya 1970. Zilibeba maharusi, wanafunzi, wafanyabiashara na wazee waliokwenda kumwona daktari anayezungumza lugha yao. Njia hiyo ya India ilikuja kuwa na maana kubwa nusu karne baadaye, kwa watu ambao hawakuwa na jamaa Gujarat wala Bombay.

Uwanja wa ndege wa Embakasi ulifunguliwa 1958. Mwaka 1960 shirika la East African Airways likaanza kurusha ndege za jeti aina ya Comet hadi London, na safari iliyokuwa ya majuma kadhaa baharini ikawa ya usiku mmoja. Wakubwa wapya wa Nairobi waliukuta uhuru wakiwa wanaijua London tayari, kwa masomo na kwa mikutano ya katiba ya Lancaster House. Sasa wakaijua na Harley Street, mtaa wa madaktari wake bingwa. Mkenya aliyekwenda kwa ziara hakudaiwa viza, na madaktari wengi wa Nairobi walikuwa wamesomea Uingereza, kwa hivyo barua ya rufaa ilimwendea mtu waliyewahi kufanya naye kazi wodini.

Kulikuwa na mji mwingine, ulio karibu zaidi. Desemba 3, 1967, Christiaan Barnard alimpandikiza mtu moyo wa mtu mwingine katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, na dunia nzima ikageuza shingo. Kutoka Nairobi hadi Cape Town ni kilomita 4,000 na ushei. London ni karibu 7,000. Lakini Kenya ilikuwa pamoja na nchi huru za Afrika katika kuususia utawala wa makaburu. Tangu 1963 ndege za South African Airways zilikuwa zimefungiwa anga za nchi nyingi za bara hili, zikalazimika kuzungukia baharini upande wa magharibi ili zifike Ulaya. Mgonjwa wa moyo wa Nairobi mwenye uwezo akaendelea kwenda kaskazini.

Uwezo wenyewe haukuwa wa pesa tu. Kenya ilirithi kwa Waingereza sheria ya kudhibiti fedha za kigeni, na shilingi haikugeuzwa pauni kwa mtu kupenda. Aliyetaka kulipa hospitali ya ng'ambo ilibidi apitie kwenye benki yake, ombi lifike Benki Kuu kule Haile Selassie Avenue, na hati za kuthibitisha haja yake ziandamane nalo, ndipo aidhinishiwe kiasi. Kuweka pesa nje bila ruhusa lilikuwa kosa la jinai. Waliokuwa na ndugu London, au biashara iliyowaingizia pauni hukohuko, walijua pa kupenyea. Mwalimu na karani waliuza ng'ombe, wakapata shilingi, kisha wakasubiri mtu wa ofisini akubali kuzibadilisha.

Nyumbani hali haikusimama. Mfuko wa NHIF ulianzishwa 1966 kusaidia kulipia kitanda cha hospitali humu nchini, na 1967 chuo kikuu kikaanza kufundisha madaktari Kenyatta National. Wanafunzi hao wangekuja kuwa mabingwa wa Hurlingham na Parklands, wapasuaji na wataalamu wa figo. Hata hivyo bingwa bila mashine hubaki na kalamu ya kuandikia rufaa, na kwa miaka mingi hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa magonjwa mengi ya moyo na saratani.

Pasipokuwa na mwajiri mkubwa wala serikali ya kulipa, palisimama harambee. Wito huo Jomo Kenyatta aliutumia kuhimiza wananchi wajenge shule na zahanati, lakini haukuchukua muda kuingia wodini. Kadi za mchango zilichapwa River Road, kwenye vichochoro vya wapiga chapa: jina la mgonjwa, ugonjwa, mji wa matibabu, jina la mgeni wa heshima, na chini yake mistari ya nukta ya kujaza jina la mchangaji na kiasi. Kadi zilizunguka ofisini, kanisani, sokoni na kwenye chama cha akina mama. Siku yenyewe ikifika, mweka hazina alikaa mezani na daftari, bahasha zikafunguliwa moja moja, na msemaji akasoma jina na kiasi kwa kipaza sauti. Aliyetoa shilingi 20 alisikika, na aliyetoa 20,000 alisikika zaidi. Jogoo au keki ilipigwa mnada, mnunuzi akairudisha mezani, ikapigwa mnada tena.

Harambee iliokoa watu, na pia ilikuwa na bei yake. Mgeni wa heshima mara nyingi alikuwa mbunge, waziri au mfanyabiashara anayewania kiti, na familia ya mgonjwa ilitoka ukumbini na hundi pamoja na deni la shukrani lililokumbushwa wakati wa kura. Mwaka 2003 Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma iliwawekea watumishi wa umma mipaka katika kuchangisha. Wagonjwa hawakuacha kuchangiwa. Walichangiwa bila mheshimiwa kuwa mwenye shughuli.

London iliendelea kuwa kimbilio la wenye majina. Kenneth Matiba alitiwa kizuizini Julai 1990 kwa kudai vyama vingi, na mwaka uliofuata akapatwa na kiharusi akiwa mikononi mwa serikali. Alipoachiliwa alisafiri kwenda London kutibiwa, akakaa huko hadi Mei 1992, aliporejea na kulakiwa na umati Nairobi. Kwa mpinzani wa siku zile, kuwa London kulimaanisha tiba na usalama kwa pamoja.

Kisha vibali viwili vikabadilishana nafasi. Kuanzia 1993 masharti ya fedha za kigeni yalilegezwa hatua kwa hatua, maduka ya kubadilishia pesa yakachipuka katikati ya jiji, na kufikia mwisho wa 1995 sheria yenyewe ikafutwa. Sasa mtu aliweza kuingia dukani na shilingi zake akatoka na dola bila kumweleza yeyote nani anaumwa. Lakini mwaka uliofuata, 1996, Uingereza ikaanza kuwadai Wakenya viza. Mwenye pesa halali mkononi akajikuta anaonesha taarifa za benki za miezi kadhaa na kusubiri jibu, huku ugonjwa hausubiri.

Wakubwa waliendelea kupita. Desemba 3, 2002, gari la mgombea urais Mwai Kibaki lilipata ajali kwenye barabara ya Mombasa, karibu na njia panda ya Machakos. Alipelekwa Nairobi Hospital, kisha akasafirishwa London, akarudi kabla ya uchaguzi wa Desemba 27. Siku tatu baada ya kura aliapishwa Uhuru Park akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mbele ya umati uliokwishasahau kuuliza nani alilipa tiketi. Makamu wake, Michael Kijana Wamalwa, alifariki Agosti 23, 2003 katika hospitali ya Royal Free, London. Miaka minne kabla yake, Oktoba 14, 1999, Mwalimu Julius Nyerere alikuwa amefia St Thomas', katika jiji hilohilo. Mwaka 2017 gavana wa Nyeri, Nderitu Gachagua, naye akafia huko, hospitali ya Royal Marsden.

Wakati wakubwa wakielekea London, watu wa kawaida walikuwa wameanza kuelekea mashariki.

India ilifika hapo kwa kuwa nayo iliwahi kuwapeleka wagonjwa wake nje. Mwaka 1979 daktari wa moyo wa Madras, Prathap Reddy, alimpoteza mgonjwa aliyeshindwa kukusanya dola 50,000 za kwenda kupasuliwa Marekani. Mwaka 1983 akafungua hospitali ya kibinafsi ya Apollo katika mji huo, ambao sasa ni Chennai, kwa nia ya kufanya upasuaji wa aina hiyo nyumbani na kwa bei ya nyumbani. Uchumi wa India ulipofunguliwa kuanzia 1991, hospitali za namna hiyo zikaongezeka Delhi, Mumbai na Bangalore. Mwaka 2005 mambo mawili yalitokea: Apollo ya Delhi ikawa ya kwanza India kupata ithibati ya kimataifa ya JCI, na serikali ya India ikaanza kutoa viza maalumu ya matibabu, iliyomruhusu mgonjwa kuandamana na jamaa hadi wawili.

Mlango uliofungwa London ulikuwa wazi Harambee Avenue, na Nairobi ilikuwa na watu wa kuuonesha. Familia za Parklands na Westlands zilijua hospitali ipi inasifika kwa goti na ipi kwa figo. Madaktari wa Delhi na Chennai wakawa wanakuja kwa siku mbili tatu, wanaona wagonjwa na kuondoka. Jibu la hospitali ya India lilirudi kwa barua pepe, na ndani yake mlikuwa na kitu ambacho mgonjwa wa Nairobi alikizoea kwa nadra: bei ya jumla kwa dola, siku za kulazwa, na siku za kukaa nyumba ya wageni karibu na hospitali kabla ya kuruhusiwa kupanda ndege. Bei ya kujulikana mapema ndiyo iliyowezesha kamati ya mchango kuweka lengo.

Mawakala nao wakaingia. Walipanga viza, gari la kupokelewa uwanja wa ndege na mkalimani, na wengi walilipwa na hospitali iliyompokea mgonjwa. Kukawa na malalamiko kwamba baadhi ya madaktari walipokea kamisheni kwa kila mgonjwa waliyemtuma, hata pale tiba ilipopatikana umbali wa dakika kumi kwa matatu. Mwaka 2017 zikachapishwa kanuni za rufaa za nje: daktari anayemtuma mgonjwa ng'ambo anatakiwa kuomba idhini ya baraza na kueleza kwa nini. Kufikia wakati huo maafisa wa wizara ya afya walikuwa wakitaja makadirio ya Wakenya 10,000 wanaokwenda nje kila mwaka na kutumia shilingi bilioni 10, yaani wastani wa milioni 1 kwa kila mgonjwa.

Hata waliosimamia hospitali za umma walikuwa miongoni mwa waliosafiri. Kati ya 2008 na 2013 Kenya ilikuwa na wizara mbili za afya, na mawaziri wote wawili walipatikana na saratani. Anyang' Nyong'o, waziri wa huduma za matibabu, alitibiwa saratani ya tezi dume California. Beth Mugo, waziri wa afya ya umma, alitangaza 2012 kwamba alikuwa ametibiwa saratani ya matiti Marekani. Walisifiwa kwa kusema wazi, kwa kuwa wanasiasa walizoea kuficha. Wakaulizwa pia swali lisilokwepeka: vipi mtu wa Kangemi au Kawangware, wakati Kenyatta National ndiyo hospitali pekee ya umma yenye mashine za tiba ya mionzi na foleni yake ni ya miezi? Bunge likapitisha Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani mwaka huohuo wa 2012.

Jibu la mtu wa Kangemi halikutoka bungeni. Safaricom ilizindua M-Pesa Machi 2007, na harambee ikahamia kwenye simu. Mwaka 2015 mwandishi Jackson Biko alisimulia habari za mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye uvimbe kwenye ubongo, aliyekwisha kupasuliwa na aliyehitaji kurudi India kwa upasuaji mwingine. Lengo lilikuwa shilingi milioni 1. Kwa siku chache tu zikaingia zaidi ya milioni 5, nyingi zikiwa za watu waliotuma 50, 100 au 200 bila kumjua kijana huyo. Alifika Chennai na kupasuliwa. Miaka miwili baadaye alifariki.

Siku hizi kikundi cha WhatsApp hufunguliwa usiku uleule daktari anapotaja bei. Mweka hazina hubandika nambari ya paybill, halafu orodha: moja, mbili, tatu, jina, kiasi, alama ya tiki. Kila pesa inapoingia, orodha nzima hubandikwa upya, na anayeahidi bila kutuma huonekana kwa kukosa tiki. Wachache hujitoa kikundini, na simu humtangazia kila mtu kwamba fulani ametoka. Kipaza sauti cha Ufungamano House kimebadilishwa, lakini majina yangali yanasomwa.

Julai 2019 iliwatikisa wote, wenye nacho na wasio nacho. Julai 1 alifariki Bob Collymore, mkuu wa Safaricom, aliyekuwa amekaa Uingereza miezi 9 akitibiwa saratani ya damu. Julai 26 akafariki Ken Okoth, mbunge wa Kibra, aliyekuwa ametoka kutibiwa Paris. Alikuwa ameeleza hadharani kwamba saratani yake ya utumbo iligunduliwa ikiwa imefika hatua ya 4. Siku tatu baadaye akafariki Joyce Laboso, gavana wa Bomet, aliyetibiwa Uingereza na India. Okoth na Laboso walikata roho Nairobi Hospital, Collymore nyumbani kwake Nairobi. Miito ya kutaka saratani itangazwe janga la taifa ikajaa magazetini, ila mjadala uligeuka haraka kutoka kwenye ndege na kurudi kwenye uchunguzi: mtu anayegunduliwa akiwa amechelewa hana mji wa kumfaa.

Machi 25, 2020 Kenya ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa kwa sababu ya korona, na India ikajifungia siku hiyohiyo. Waliokwenda kutibiwa wakakwama katika nyumba za wageni za Delhi na Mumbai, pesa zikiisha, hadi zilipopatikana ndege maalumu ambazo nauli yake walijilipia wenyewe. Waliokuwa wakingoja kuondoka Nairobi wakabaki, mpaka Agosti 1 anga ilipofunguliwa. Kwa miezi minne waziri na mchuuzi walikuwa na orodha moja ya hospitali.

Orodha hiyo ilikuwa imerefuka kuliko ilivyodhaniwa. Mpango wa serikali wa 2015 wa kukodi vifaa ulipeleka mashine za kusafisha figo na za MRI kwenye kaunti. Hospitali za kibinafsi zilikuwa zimenunua mashine za mionzi. Aga Khan ya Parklands ilikuwa imeleta PET-CT, kipimo kinachoonesha saratani imesambaa wapi, pamoja na mtambo wa kutengeneza dawa yake, na hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ikafuata. Kabla ya hapo mtu aliweza kupanda ndege kwenda India kwa kipimo hicho peke yake. Sheria ya bima ya afya ya jamii ya 2023, iliyoizaa mamlaka ya SHA, nayo inaitambua tiba ya ng'ambo kwa sharti moja la zamani: iwe haipatikani Kenya.

Wanaolipa wenyewe hawafungwi na sharti hilo, na wengine huenda kutafuta tiba ya namna nyingine kabisa. Binti ya mwanasiasa Raila Odinga, Rosemary, alipoteza uwezo wa kuona baada ya kuugua 2017. Familia ilimpeleka Sreedhareeyam, hospitali ya macho ya tiba ya Ayurveda huko Koothattukulam, jimbo la Kerala, na akaanza kuona tena. Februari 2022 waziri mkuu wa India, Narendra Modi, alikitaja kisa hicho kwenye kipindi chake cha redio. Raila mwenyewe akarudi huko mara nyingine kutibiwa, na asubuhi ya Oktoba 15, 2025, akiwa na umri wa miaka 80, akaanguka akiwa matembezini na kufariki. Kesho yake mwili ukafika Nairobi.

Ndege hizo hazisafiri upande mmoja. Kwa jirani wa Kenya, Nairobi yenyewe ndiyo ng'ambo. Wagonjwa kutoka Juba, Mogadishu, Goma na Arusha hulala Parklands na Hurlingham, na jamaa zao hukodi vyumba karibu na hospitali kama vile Wakenya wanavyokodi Delhi. Aprili 2011 Kizza Besigye, mpinzani wa Uganda aliyepuliziwa dawa ya kuwasha machoni na polisi wa Kampala, aliletwa Nairobi Hospital na kurudi kwao Mei 12, siku Yoweri Museveni alipoapishwa.

Miaka sita baadaye ikawa zamu ya Tundu Lissu, mbunge wa upinzani wa Tanzania. Alipigwa risasi Dodoma mchana wa Septemba 7, 2017, na usiku huohuo akapandishwa ndege kuletwa Nairobi. Mara likaibuka suala la kibali. Uongozi wa Bunge la Tanzania ulieleza kwamba utaratibu wake ni mgonjwa kuanzia Muhimbili, kisha kama ni nje, rufaa huenda India. Nairobi haikuwamo kwenye utaratibu, kwa hivyo malipo yangekuwa na matatizo. Familia na chama chake wakaichagua Nairobi kwa sababu ya usalama. Chadema ikawaomba wanachama na wananchi wachange kulipia bili, na pesa zikaanza kuvuka mpaka kuelekea Nairobi Hospital. Januari 6, 2018, Lissu akapandishwa ndege nyingine, kwenda Leuven, Ubelgiji, kuendelea na matibabu.